Bonde Lililopakwa Kijani

Tangu utotoni Perpétue Kahindo alikuwa mtu wa kinyaa. Inzi akitua kwenye ukingo wa sahani, chakula kilimshinda. Akisikia harufu ya samaki waliolala, roho ilimchafuka mpaka akatoka nje kutafuta hewa. Pale Murara, mtaa wa Goma walikokaa, mama yake alizoea kumcheka akisema kwamba huyu mtoto alikosea mlango siku ya kuzaliwa, alitakiwa aingie kwa askofu akaingia kwa wauza maharage. Hakuna aliyewaza kwamba mtu wa namna hiyo angekuja kupata mkate wake kwa kutembea ukingoni mwa Ziwa Kivu wakati wa mvua, akiruka maji ya vyoo vya watu.

Kwao ni Butembo. Baba yao alikufa njiani, katika safari zake za biashara, na mzigo wote ukamwangukia Valentin, kifungua mimba. Valentin ndiye aliyewahamishia Goma, ndiye aliyeshika biashara ya maharage na simenti, na wadogo zake wote wakakua wakimwita yaya, yaani kaka mkubwa, kwa heshima ile ile ambayo wengine humpa baba. Mwaka wa 2002, mlima wa volkano ulipopasuka na moto ukashuka mjini, Perpétue alikuwa msichana wa shule. Walikimbia, wakarudi, wakakuta mahali pa nyumba yao pamekuwa jiwe jeusi lenye moshi. Watu walilia. Perpétue aliuliza kwa nini moto ulipita hapa na haukupita kule kwa jirani, ukuta kwa ukuta. Wajomba walimwambia anyamaze. Valentin hakumnyamazisha. Alimtazama, akasema kwamba swali lile lina majibu na kuna watu wanaoyasomea. Wakubwa wa ukoo waliposhauri msichana apewe meza sokoni, yeye alikataa, akambeba hadi chuo kikuu, na siku Perpétue alipotoka na shahada ya elimu ya miamba, Valentin alichinja mbuzi akacheza mpaka viatu vikamtoka.

Kwa hiyo mtu akitaka kujua Perpétue alimpenda nani duniani kuliko wote, jibu lilikuwa hilo.

Kazi yake ilikuwa katika mradi mmoja wa kulinda mwambao wa ziwa. Yeye ndiye aliyetengeneza ramani. Alichukua picha zinazopigwa na setilaiti, za miaka iliyopita na za sasa, akazilaza moja juu ya nyingine kama mtu anayelinganisha vitambaa, na akafuata ule mstari ambapo maji yanagusana na nchi kavu. Kila mvua kubwa zilipopita, mstari ulisogea kuelekea nyumba za watu. Vilima vimekatwa miti; mvua ikinyesha, udongo unashuka na mifereji, unajaza vighuba vidogo, na maji yanatafuta pa kwenda. Alirusha droni kupata urefu wa kila kipande cha ardhi, na mwishoni aliweza kuonyesha nyumba kwa nyumba ni ipi ambayo ziwa lingeifikia kwanza.

Lakini picha ya setilaiti ni bluu na kijivu tu. Haina harufu. Siku aliyoshuka kwa mara ya kwanza Kasenyi, mtaa wa mbao na mabati ukingoni mwa ziwa, nyuma ya kiziwa cha Lac Vert, ndipo alipojua bluu ile ni nini. Pale Kasenyi chini ni jiwe la moto wa zamani, vyoo haviwezi kuchimbwa kwenda mbali. Ziwa lilikuwa limeingia ndani ya vyoo hivyo na kuvitapisha. Yaliyokuwa vyooni yalielea kati ya nyumba, yakagonga milango, yakarudi, na katika maji hayo hayo akina mama walikuwa wanasuuza sinia zao za kuanikia sambaza, vile visamaki vya ziwani. Perpétue alikimbilia nyuma ya jiwe akatapika mpaka macho yakatoka machozi.

Aliyemfuata pale nyuma alikuwa mama mmoja mjane, Bénita, mtu wa vilima vya Masisi, mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Jiko la Bénita lilikuwa limekwisha kwenda na maji. Ukuta mmoja ulibaki umeinama kama mlevi. Alimpa Perpétue limau lililokatwa anuse, akangoja amalize.

"Mama Ingénieur," akamwambia, "wewe unatapika siku moja. Siye tunakula hapa."

Hakusema kwa hasira. Perpétue alilishika limau puani, na toka siku ile wakawa watu wa kuitana.

Mstari wa hatari ulipochorwa, hakuna aliyebisha. Nyumba zote zilizo chini yake zilipaswa kuhama kabla ya mvua kubwa, na watu wa Kasenyi wenyewe walisema hata wasingeambiwa wangehama, kama wangekuwa na pa kwenda. Ndipo mradi ukatangaza kwamba mahali pamepatikana: bonde tambarare upande wa barabara ya Sake, lenye udongo mweusi na majani marefu, bila jiwe hata moja. Watu wa Goma wanajua thamani ya parseli, kiwanja cha kujenga, isiyo na mawe. Wengine walianza kuwaonea wivu watu wa Kasenyi.

Perpétue alijiuliza swali lake la utotoni kwa namna nyingine. Katika mji ambao watu wanajenga juu ya moto uliopoa kwa kukosa udongo, kwa nini udongo huu ulibaki peke yake? Alienda asubuhi, jua likiwa bado halijashika, amebeba mashine ya kupimia gaz. Bonde lilikuwa zuri na kimya. Kimya kilizidi. Hapakuwa na panzi, hapakuwa na nyuki. Alipopenya majani aliona kwale amelala kifudifudi, kisha mijusi, kisha mbwa aliyevimba, meno nje, bila jeraha. Mashine ikiwa kiunoni ilinyamaza. Alipoiteremsha hadi magotini ililia kama mtoto aliyeungua. Kichwa kilianza kumzunguka, miguu ikawa mizito, akapanda kutoka mule akikimbia, kichwa amekiinua juu, pumzi ikimkata.

Ilikuwa mazuku. Hivyo ndivyo watu wa huko wanavyoiita gaz inayotoka katika nyufa za ardhi ya volkano. Ni nzito kuliko hewa, nayo hutuama mabondeni kama maji, hasa asubuhi ambapo hakuna upepo. Perpétue aliisomea darasani na aliwahi kuipima kwingine. Lakini alipoketi ukingoni akitazama lile bonde la kupendeza, alishikwa na chukizo ambalo hata vyoo vya Kasenyi havikumpa. Uchafu wa Kasenyi walau ulikuwa unakuambia ukimbie. Huu haukuwa na rangi wala harufu. Ulikuwa umelala tu kwenye majani, unangoja mtu ainame.

Akarudi biro, ofisini kwao, akalipaka bonde rangi nyekundu kwenye ramani.

Mkuu wa mradi aliitwa Murhula, mtu nadhifu, wa manukato na viatu visivyojua matope, aliyependa kuzungumza polepole huku akimenya karanga. Alimwita Perpétue, akaisifu ramani, kisha akaweka kidole juu ya ile nyekundu. Alieleza kwamba wageni wanaofadhili mradi wanakaribia kuja. Wageni hawapendi kuonyeshwa tatizo juu ya tatizo. Wanakuja kuona suluhisho. Mambo ya gaz yatawekwa kwenye viambatisho, nyuma, kwa ajili ya wataalamu. Mbele, bonde lipakwe kijani. Perpétue alimjibu kwamba viambatisho havisomwi na mtu anayejenga nyumba, na kwamba yeye hatalipaka kijani. Murhula hakukasirika. Alipuliza maganda ya karanga kutoka kwenye ramani, akasema mtu mwingine atalipaka.

"Halafu unanishangaza," akaongeza. "Ile parseli ni ya yaya yako. Haukujua?"

Hakujua. Alitoka mule ndani akasimama uani, akijiambia kwamba Valentin naye hajui, kwamba amenunua bonde kama watu wanavyonunua, bila mashine, bila kusoma. Jumapili, baada ya misa, alienda kwake akiwa na hakika hiyo. Alikuwa anaenda kumwokoa.

Mama yao aliishi pale kwa Valentin. Meza ilikuwa imejaa: fufu, sombe, nyama ya mbuzi yenye mafuta. Valentin alifurahi kumwona, akamwekea mfupa mnono kama alivyomfanyia tangu zamani. Perpétue alieleza yote, kuhusu kwale, mbwa, mashine, magoti. Valentin alisikiliza akitafuna. Alipomaliza, alikunywa maji akasema kwa utulivu kwamba anajua. Alinunua bonde lile zamani kwa ajili ya kulisha ng'ombe. Ng'ombe waliingia jioni wakala wakashiba. Asubuhi wakakutwa wamelala wote, matumbo juu. Toka siku hiyo amekuwa akitafuta mtu wa kumwachia.

Perpétue alidhani hakusikia vizuri.

"Ng'ombe zako zilikufia mule, yaya?"

"Ng'ombe analala chini," Valentin akasema. "Mutu analala juu ya kitanda. Ile gaz iko kwa magoti, umesema wewe mwenyewe."

"Na mutoto anayetambaa, yeye anatambaa wapi?"

Valentin alivunja mfupa, akanyonya uboho. Mafuta yalimtiririka kidevuni akayapangusa kwa kiganja. Alisema watafunga milango. Alisema watu wale wako tayari wanakufa na kipindupindu, kwamba kufa hawatakosa popote, na angalau huku watakufa na mabati mapya juu ya kichwa. Wala hakusema kwa ukatili. Aliongea kama mtu anayepanga magunia ghalani.

Kile kidevu kinachong'aa ndicho kilichomshinda Perpétue. Aliinuka akakimbilia uani, akatapika kwenye maua ya mama yake. Mama alimfuata na maji kwenye kikombe, akamsugua mgongo, akamuuliza kwa sauti ya chini kama amekula nini huko njiani, au kama kuna habari njema ambayo hajawaambia. Perpétue alitikisa kichwa. Valentin alikuwa amesimama mlangoni.

"Ile tumbo lako," akasema, "nani alililisha miaka yote?"

Perpétue alisukutua mdomo akatema. Hapo ndipo palipokuwa na karaha yenyewe. Kila alichokijua kuhusu mazuku, alikijua kwa jasho la mtu huyu.

Jumatatu ramani ilikuwa imetundikwa ukutani, kubwa kama shuka. Bonde lilikuwa kijani, kijani cha majani ya ndizi, na chini pembeni, kwa herufi safi, liliandikwa jina lake: Perpétue Kahindo. Aliomba lifutwe. Wakamwambia ni kanuni, jina la aliyechora lazima libaki.

Akaenda Kasenyi. Aliwakusanya watu mbele ya nyumba ya Bénita akawaeleza waziwazi, wala hakuficha kwamba mwenye bonde ni ndugu yake wa tumbo moja. Wengine hawakumwamini. Walisema anataka parseli zile kwa ajili ya jamaa zake. Basi asubuhi iliyofuata aliwapeleka hadi ukingoni, akawakataza kushuka, akafunga taa ya mafuta kwenye mti mrefu, akaiwasha na kuishusha taratibu kwenye majani. Taa ilizimika. Haikupepea. Ilizimika kama iliyozibwa na mkono. Aliiwasha tena, ikazimika tena pale pale. Bénita aliomba mti, akajaribu mwenyewe na taa yake kutoka nyumbani, kwani taa ya mtu inaweza kuwa na dawa. Nayo ikazimika. Watu walirudi nyuma hatua kwa hatua, na mzee mmoja akatema mate.

Perpétue alirudi mjini akiamini kwamba mambo yamekwisha. Nani angeona vile na bado alale mule? Ndiyo maana Murhula alipopata habari na kumtuma Bukavu kwenye mafunzo bila hata kumgombeza, Perpétue alipanda boti bila wasiwasi.

Akiwa huko ziwa lilipanda. Mawimbi yalichukua safu nzima ya nyumba za Kasenyi, na watu walilala chini ya mahema yaliyovuja, watoto wakihara. Wageni walikuja, wakapigwa picha mbele ya ramani. Kisha malori yalifika bondeni na mabati, misumari na mabache ya turubai, na ikatangazwa kwamba anayetaka atapewa papo hapo, asiyetaka angoje awamu nyingine. Bénita alikataa. Wengi walikataa pamoja naye. Lakini wapo waliochukua, na mmoja wao alikuwa Havugimana, fundi wa kuchonga vichukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, mtu wa makamo mwenye mguu mbovu, aliyekuwapo siku ile ya taa.

Perpétue aliporudi alimkuta anapigilia mbao, tena chini kabisa, maana sehemu za ukingoni zilikuwa zimegawiwa watu wenye kujuana na wakubwa. Alimuuliza kama hakuona taa ikizimika.

"Niliiona, mama," Havugimana akasema, misumari mdomoni. "Lakini ziwa nimeliona zaidi. Nitaweka kitanda juu. Mbuzi zangu nitazifunga mbali."

Perpétue alihisi kinyaa kikimpanda kooni, safari hii kwa Havugimana mwenyewe, kwa ule ubishi wake, ile mikono inayopigilia jeneza lake na kuliita nyumba. Papo hapo akajiona yeye, na viatu vyake vya mpira na mshahara wake, akimchukia mtu kwa sababu hana pa kulala. Hakujua ni lipi linalonuka zaidi. Alimwomba mke wa Havugimana asiwaruhusu wajukuu kushuka kitandani kabla jua halijapanda, akamwachia namba yake ya simu. Kisha akapanda biro kwa biro, kwa kila mtu mwenye muhuri. Wengine walimpokea vizuri, wakamwonyesha ramani ya kijani yenye jina lake, wakamuuliza kwa nini anapingana na kazi yake mwenyewe.

Mvua ziliendelea. Kulipambazuka asubuhi moja ya ukungu, bila upepo wa kutikisa jani. Bénita alimpigia simu na sauti yake ile ya vilimani ilikuwa imekuwa ndogo. Havugimana alikuwa ametoka nyumbani akashuka kumfungua mbuzi aliyejiviringisha kamba, akainama, hakuinuka. Jirani aliyekimbia kumshika naye alianguka, ila yeye walimnasa kwa mti wenye ndoano wakamvuta akiwa bado anapumua.

Perpétue alifika kwa pikipiki na mashine yake. Watu walikuwa wamejaa ukingoni. Chini, karibu kiasi cha kuweza kumwita kwa jina bila kupaza sauti, Havugimana alikuwa amelala kwenye majani, kofia yake kando, mbuzi wamelala karibu naye kama waliochoka. Mkewe, aliyekwisha kupandishwa pamoja na wajukuu, alikuwa ameshikwa na wanawake. Wanaume walitaka kushuka, na Perpétue aliwazuia. Alifunga mashine kwenye kamba akaishusha, ikalia. Akangoja, akaishusha tena, ikalia. Hakuna kazi aliyopata kufanya duniani iliyomkirihi kama ile, kusimama kwenye njia na mikono imenyooshwa, kuwaambia watu wamwache mfu wao alale, wamtazame tu, mpaka jua lipande na upepo upige. Mtu mmoja alimtukana mama yake. Mwingine alimsukuma. Inzi hawakuwepo hata mmoja; nao wangekufa. Upepo ulipokuja kutoka ziwani na mashine ikanyamaza, walishuka haraka wakambeba.

Matanga yaliwekwa pembeni mwa barabara, chini ya hema la mradi. Valentin alileta jeneza zuri lenye vishikio vya kung'aa, akaleta magunia ya mchele na ng'ombe wa kuchinjwa. Alikaa mbele, karibu na mjane, kofia juu ya goti. Murhula hakuja, alimtuma mtu asome maneno ya pole. Chakula kilipogawiwa, Valentin alinawa, akamega, akala kwa heshima, kisha akasimama. Alizungumza vizuri, kwani siku zote alikuwa msemaji. Alisema hakuna ajuaye siku wala saa. Alisema udongo huwa na siri zake, na kwamba mambo haya ni kazi ya Mungu, tumpokee ndugu yetu kwa imani.

Perpétue alikuwa ameketi na wanawake wa Kasenyi. Alisimama kabla hajakaa Valentin. Mama yake, aliyekuja na Valentin, alimvuta kitenge. Akajinasua.

"Hii si kazi ya Mungu," akasema. "Ng'ombe za yaya yangu zilikufia mule ndani, zote. Alinihadisia mwenyewe, kwa meza, akiwa anakula. Alijua, na mimi nilijua, na karte iliyosema bonde ni zuri iko na jina langu. Musimusingizie Mungu."

Mjane wa Havugimana alilitazama jeneza, akavitazama vile vishikio, kisha akaisukuma sahani yake taratibu mpaka ikamwagika kwenye mchanga. Baadhi ya watu waliweka sahani zao chini. Wengine waliendelea kula wakiwa wameinamisha vichwa, kwa kuwa walikuwa na njaa ya siku nyingi na mchele haukuwa na kosa. Valentin alivaa kofia yake. Alimtazama mdogo wake kwa jicho ambalo Perpétue hakuwahi kuliona, jicho la mfanyabiashara aliyeuziwa gunia lenye mchanga, akaenda zake. Mama alimfuata.

Baada ya hapo bonde lilifungwa. Mbao zilibomolewa, mabache yakakunjwa, na kuna siku polisi walikuja wakachimbia vibao vya fuvu la kichwa kila upande. Hakuna aliyeulizwa kuhusu kifo kile. Murhula alihamishiwa mkoa mwingine, kwenye nafasi kubwa zaidi. Kule, wanasema, huonyesha watu ile ramani kama mfano wa kazi nzuri. Perpétue aliacha kazi. Aliandika kuomba jina lake liondolewe, akajibiwa kwa adabu kwamba nakala zimekwisha kusambazwa. Siku hizi anafundisha jiografia katika shule moja ya sekondari, na wanafunzi wanasema ni mwalimu mkali asiyevumilia ramani ya uwongo hata katika mtihani.

Kwa Valentin haendi. Alitumiwa ujumbe kwamba aje apige magoti aombe msamaha mbele ya ukoo, yaishe. Mama yake alimlilia kwenye simu, akamkumbusha nani alimsomesha, akamwambia mtu hamvui nguo baba yake mbele ya wageni. Perpétue alimsikiliza mpaka mwisho. Alisema atamheshimu Valentin kwa yote aliyomfanyia, hatakana hata moja, lakini kukaa naye meza moja hawezi. Si kwamba anakataa. Mwili unakataa. Mama alikata simu, na kwa muda mrefu walionana tu kanisani, kila mmoja kwenye benchi lake.

Mchana baada ya shule huenda kwa watu wa Kasenyi. Kanisa moja dogo liliwapa kipande cha jiwe jeusi juu ya mteremko, mahali pabaya, pa kuvunja nyundo, ambapo hakuna aliyewahi kupataka. Perpétue alipapima kila pembe, asubuhi na jioni, kwenye nyufa na mashimo yote, na mashine haikulia. Alizitafuta tena picha za setilaiti zisizolipiwa, akatazama maji ya mvua yanapita wapi, akawaonyesha pa kupitisha mfereji na pa kuinua vyoo juu ya mapipa ili uchafu usishuke ziwani. Wanalalamika. Hapana bustani, hapana kivuli, mawe yanakata miguu ya watoto, na maji ni mbali. Bénita analalamika kuliko wote, akiwa amekaa mlangoni mwa nyumba yake mpya na sinia za sambaza juani.

Majuzi lori lilipanda mpaka pale. Dereva alisema ni simenti, imetumwa na Papa Valentin kwa ajili ya vyoo vya watu wa Kasenyi, na hataki risiti wala shukrani. Watu walimgeukia Perpétue. Aliitazama ile mifuko iliyopangwa vizuri, kama ghala la nyumbani kwao Murara. Alisema irudishwe. Bénita aliinuka, akapangusa mikono kwenye kitenge.

"Mama Ingénieur, wewe unaweza kuzikataa," akasema. "Mimi niko na wajukuu wanaohara. Muzitoshe."

Vijana wakaanza kushusha. Perpétue hakuugusa mfuko hata mmoja, wala hakuondoka. Alishika kamba yake ya kupimia akapanda upande wa juu, mahali mfereji unapopinda, akaendelea kutafuta mteremko, mgongo ameuelekeza kwenye lori.